Nyumba ya Mama na Mpini wa Kaboni

Keringet
4 Februari 2024

Dada Nasimiyu,

Ukiisoma barua hii basi umeshagundua kwamba hilo bomba jeusi si tupu. Nimeikunja nikaisukuma ndani, kwa hivyo nisamehe ikiwa na mchanga.

Sisi huku ni wazima. Baridi ya Keringet haijabadilisha tabia. Fancy wetu alirudi kutoka shuleni wikendi hii akalalamika kwamba chakula ni kibaya, na sketi haimtoshi tena kiunoni. Kiprugut anasema, "Mwambie shemeji amepotea sana." Mama anaendeleaje na goti? Msalimie, lakini haya mengine usimsomee. Ningepiga simu, ila Mama akishika simu anaweka spika, na wapangaji wa plot yote ya Kiamunyi wanaanza kunijibu.

Jambo lenyewe ni hili. Ile mashine ya kutafuta vyuma ambayo kaka yetu Nico alinitumia kutoka Uarabuni imevunjika mpini. Imevunjikia chini, karibu na ile sahani inayopita juu ya udongo. Kiprugut anasema alikuwa ameuegemea kidogo tu akiongea na watu. Dada, unamjua Kiprugut na ukubwa wake. Pia nilimwona akisukumia mawe nayo, lakini hilo anasema sikuona.

Nakueleza kwa nini nina haraka. Kiprugut amekubali kumjengea Mama nyumba kwenye kona yetu ya barabarani, na geti lake mwenyewe. Wewe unajua vile Mama alilelewa: hawezi kulala paa moja na mkwe wake, wala kupishana naye asubuhi kwenye njia ya choo. Kona hiyo tu ndiyo inafaa. Sasa jirani yetu Kipyegon anasema mpaka ni fensi, na kona iko upande wake. Kiprugut anasema mpaka uko mbele ya fensi, kuelekea kwa Kipyegon, mahali marehemu baba yake alipoona bikoni ikizikwa, chuma ndani ya simiti, na trekta limelima juu yake tangu siku hizo. Sevea wa kupima ardhi anakuja mwisho wa Mei. Bikoni ikionekana, kona ni yetu na Mama anahamia huku. Isipoonekana, fensi itabaki kuwa mpaka, na Mama atabaki huko kwako.

Wewe ndiye fundi. Nitengenezee.

Mdogo wako,
Valarie


Kiamunyi
19 Februari 2024

Mdogo wangu Vale,

Bomba limefika, barua imefika, na udongo wa Keringet nao umekuja juu ya meza yangu bila kualikwa.

Hapa tuko. Jerry wangu amepata kazi ya kuosha magari kule Rongai, anarudi jioni amelowa akisema, "Niaje mathe, kuna chai?" Goti la Mama ni zima, isipokuwa wakati wa kupika. Ile shali uliyomtumia Krismasi haivui. Analala nayo, anaenda nayo kanisani, na mtu akimsalimu anaisogeza begani mpaka aulizwe imetoka wapi. Blanketi niliyomnunulia mimi, paka ameipenda sana.

Sikujua Nico alikutumia mashine. Mimi alinitumia picha yake amesimama kando ya gari la mtu mwingine. Lakini ni sawa, wewe ndiye uko na shamba.

Sasa nikueleze ugonjwa. Hii ni kaboni, si plastiki kama Kiprugut alivyodhani na si chuma. Ni nyuzi nyeusi nyembamba kama nywele, zimelazwa pamoja na kushikwa na gundi. Naijua kwa sababu vijana wa baiskeli za mashindano wakianguka huku barabarani wananiletea fremu zao, na fremu za kwanza mbili niliziharibu kabisa ndipo nikaelewa. Ukiivuta kaboni kwa urefu, utachoka wewe kwanza. Ukiiminya kwa ubavu, inapasuka kama mkate mkavu. Ule mpini wako haukuvunjika siku ambayo bwanako aliuegemea. Nimegonga kwa sarafu kutoka juu kwenda chini: mahali pazima panalia ting, mahali pagonjwa panasema tap. Ugonjwa ulianzia kwenye tundu la kile kitufe cha kurefushia. Mtu alikuwa anakaza klipu ya hapo kwa nguvu za kukaza jeki ya lori, na mchanga ukaingia katikati ya bomba la nje na la ndani ukawa unasaga kila mkirefusha. Kuegemea kulimalizia tu.

Inatibika. Lakini gundi nzuri haiharakishwi, na wewe usiniharakishe. Mwezi huu nina magongo ya wagonjwa na miavuli, mvua inakaribia.

Kuhusu Mama kuhamia huko, sijamwambia. Keringet ni baridi. Kwani hapa ana shida gani?

Dadako,
Nasimiyu


Keringet
11 Machi 2024

Dada,

Salamu nyingi za hapa. Fancy anaendelea kunenepa na kulalamika. Tumeanza kulainisha shamba kwa ajili ya viazi.

Nimengoja. Najua miavuli ni muhimu. Lakini mvua ikianza vizuri matope yatafunika hata zile alama kidogo tulizoweka, na Kipyegon ameshaanza kupaka fensi yake rangi. Mtu anayepaka fensi rangi ni mtu ambaye hafikirii kuihamisha.

Na wewe unauliza Mama ana shida gani huko. Mimi sikusema ana shida. Nasema tu ana watoto wawili wa kike.

Valarie


Kiamunyi
28 Machi 2024

Vale,

Mpini ndio huo. Barua ni hii, iko ndani, lakini safari hii nimeifunga kwa nailoni kwa sababu najua mazoea yako ya mchanga.

Kwanza habari. Mvua imenyesha hapa mpaka barabara ya kwetu imekuwa ya kuombewa. Jerry hana kazi kwa sababu hakuna mtu anaosha gari la kurudi kwenye tope. Mama anakusalimu. Jana alinirekebisha jinsi ya kupika mrenda ambao ni yeye alinifundisha, akasema "Valarie huwa haweki magadi mengi." Nilimwekea mwingine bila magadi. Hakuula.

Nikueleze nilivyofanya, ili Kiprugut asiseme ni bahati. Nilikata sehemu iliyopondeka mpaka nikafikia mahali panapolia ting. Nikasugua kwa msasa ndani ya maji, maana vumbi la kaboni ukilivuta linakaa kifuani na likikuingia mkononi utajikuna wiki nzima. Nikaingiza ndani kipande cha fimbo ya kuvulia samaki, ya faiba, ili pande mbili zishikane kama mfupa. Nikapangusa kwa spiriti. Halafu kitambaa cha nyuzi kikazungushwa kimshazari, kwenda na kurudi, na gundi ya kuchanganya. Juu yake nikakaza ukanda wa mpira wa tyubu mpaka gundi iliyozidi ikatoka yenyewe, nikauanika juani. Nikausugua tena. Pita kidole hapo: hutajua palivunjika wapi. Hapo pamekuwa pagumu kuliko penyewe pa mwanzo, na hiyo si kujisifu, ni kaboni ilivyo.

Masharti: msiegemee, msisukumie mawe, klipu ikazwe kwa vidole viwili tu, na mkimaliza kazi mchomoe bomba la ndani mlipanguse mchanga. Mkifuata haya utazeeka kabla ya mpini.

Utaona nimeongeza kitu. Unakumbuka vile sufuria zetu zilipotea kwenye matanga ya Baba, mpaka Mama akaanza kutoboa jina kwa msumari kwenye kila kitu kabla ya kuazimana? Nimefanya hivyo. Nimekata mkanda wa alumini kutoka kwa kifuniko cha sufuria kuukuu, nikatoboa NASIMIYU KIAMUNYI, nikauvisha juu ya ule mshono. Ni urembo, na pia watu wa huko wakiuliza ni nani alitengeneza, usisumbuke kukumbuka.

Nasimiyu


Keringet
21 Aprili 2024

Dada yangu mpendwa,

Tumekuwa vichekesho.

Nianze na mazuri. Mpini ulifika, na kweli hata Kiprugut aliupapasa akakosa mahali pa mvunjiko, akasema, "Huyu shemeji angekuwa daktari wa mifupa." Nilikuonea fahari. Jumamosi tukatoka nao. Watu walikuja kutazama kama sinema. Kipyegon alileta kiti. Mkewe Chepchirchir alileta sufi yake ya kufuma.

Kiprugut akawasha. Akapunga kulia, ikalia. Akapunga kushoto, ikalia. Watu wakapiga makofi. Tukachimba kulia, hakuna kitu. Tukachimba kushoto, hakuna kitu. Akasonga hatua moja, ikalia kulia na kushoto. Tukachimba tena. Mpaka saa sita shamba lilikuwa na mashimo mawili mawili kama macho, na ndani yake hakukuwa na hata kijiko.

"Mama Fancy," Chepchirchir akaniuliza, mikono yake haijaacha kufuma, "kwani mnapanda viazi ama mnatafuta bikoni?"

Na Kipyegon akamwambia bwanangu, "Boss, hii mashine yenu ni ya kutafuta chuma ama ni ya kulia tu?"

Kiprugut alizima mashine. Alirudi nyumbani akakaa jikoni, mahali ambapo huwa hakai. Tumeijaribu kila siku tangu hapo. Ikisimama tuli inanyamaza. Ukipunga polepole inanyamaza kidogo. Lakini ikifika mwisho wa kupunga, pale mpini unapojipinda kidogo kugeuka, inapiga mayowe. Kabla haijavunjika haikufanya hivyo hata siku moja. Inaweza kuwa ni gundi? Ama kile kipande cha fimbo ulichoweka ndani? Tafadhali nijibu haraka. Sevea hajabadilisha tarehe, na mimi nimeshaanza kumwota Mama akilima sukuma kwenye ile kona.

Mdogo wako,
Vale


Kiamunyi
12 Mei 2024

Valarie,

Nimepata yako. Nilichelewa kujibu kwa sababu ya mambo mengi, ambayo ukiyataja moja moja yanakuwa madogo.

Mvua bado inanyesha. Jerry amerudi kazini. Mama ni mzima kabisa, mzima kuliko mimi. Siku hizi asubuhi anakaa dukani kwangu kwenye ile stuli ya wateja, na wateja wanasimama. Anawaambia bei. Juzi mtu alileta mwavuli, Mama akamwangalia akamwambia, "Huu nunua mwingine." Nimepoteza mteja lakini tulicheka mpaka tukakosa nguvu. Amejifunza kuchanganya gundi. Mchanganyiko wake ni mzuri, hauna mapovu. Kanisani wamemweka kuwa mshauri wa akina mama. Sioni ni lini atapata nafasi ya kusafiri. Wiki hii hajaitaja Keringet hata mara moja.

Kuhusu mashine. Udongo una mambo yake, na wa huko ni mwekundu, na udongo mwekundu una chuma ndani yake. Mvua pia. Ngojeni ukauke. Sevea ni mtu wa serikali, watu wa serikali huwa wanaahirisha.

Msalimie Fancy. Mwambie kunenepa si kosa.

Nasimiyu


Keringet
2 Juni 2024

Mama Jerry,

Salamu utazikuta mwishoni, kama zitabaki.

Nilisoma barua yako mara ya kwanza nikafurahi kwamba Mama anacheka. Nikaisoma tena nikatafuta mahali umejibu swali langu la gundi. Nikaisoma tena nikatafuta mahali umejibu la fimbo. Mtu ambaye aliniandikia ukurasa mzima kuhusu msasa, safari hii ameniambia udongo una mambo yake! Nilijua kuna kitu unakikalia.

Kwa hivyo nilipiga simu. Ulikuwa umeenda sokoni kununua waya. Mama aliweka spika kama kawaida. Nikamuuliza, "Mama, Nasimiyu alisema nini aliposoma barua yangu ya mashimo?"

Mama akasema, "Alicheka vizuri. Halafu akaisoma tena pale kwa mayowe, akasema, 'Ala! Ni ule mkanda.' Halafu akaenda kuanua nguo."

"Akasema mkanda?"

"Mkanda. Kwani hakukuambia?"

Nilisikia jirani yako mmoja akimwambia Mama, "Mathe, hapo umechoma, umetoa siri."

Nilichukua koleo nikaukata mwenyewe. Nasimiyu nikamtupa huku, Kiamunyi nikaitupa kule. Kiprugut akapunga kulia, kimya. Akapunga kushoto, kimya. Tuliangaliana kama wezi. Ile sahani ilikuwa inalilia jina lako kila wakati mpini ukijipinda. Na wewe ulijua tangu Aprili. Sikuandikii ili kukuuliza kama ulijua.

Sevea hakuahirisha. Alikuja Alhamisi na Kipyegon akaja na kiti chake. Kiprugut aliogopa kushika mashine mbele ya watu, nikaishika mimi. Nilipita ndani ya fensi, hakuna. Nikaomba ruhusa nikapita ng'ambo, kwa Kipyegon, katikati ya mahindi yake. Ilikuwa kimya mpaka Chepchirchir akaanza kukunja sufi yake. Halafu ikalia mara moja, sauti nene, mahali pamoja. Nikapunga kutoka upande mwingine, ikalia palepale. Walichimba mpaka mkono ukazama hadi kwapani. Simiti ikaonekana, na katikati chuma, kimeoza juu lakini kimesimama wima.

Kipyegon alisimama kutoka kwa kiti chake. Alikiangalia sana. Akasema, "Haya. Nilisema kikionekana nitanyamaza, wacha ninyamaze," na akanyamaza kweli, hata chai alikunywa bila kuomba sukari. Kona ni yetu, na zaidi ya kona. Kiprugut ameshaagiza mbao.

Sevea alipapasa mpini. Anao wake umepasuka vilevile, umefungwa kwa selotepu. Akaniuliza, "Nani amekufanyia kazi hii?" Nikamwambia, fundi wa Nakuru. Sikukutaja.

Sasa nikuambie kitu kimoja, halafu ninyamaze kama Kipyegon. Unadhani ni wewe tu unaona uchungu. Shali, mashine, magadi. Tangu Baba afe, Mama yuko kwako. Mimi namsikia kwenye spika, na nyuma yake nasikia sufuria zako, na nasikia mkicheka mambo ambayo hamnielezi kwa sababu ni marefu. Nilituma shali kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kugusa bega lake. Wewe unanihesabia.

Mlete Agosti, viazi vikitoka. Usiponiletea nitakuja kumchukua.

Salamu ni kidogo. Mpe Jerry.

Valarie


Kiamunyi
16 Juni 2024

Vale,

Barua yako imefika na posta yenyewe, haikuwa ndani ya kitu chochote, na ilikuwa nyepesi mkononi mpaka nilipoifungua.

Hujaniuliza kama nilijua, kwa hivyo sitajibu. Mama ameshakujibu, na Mama hajawahi kudanganya akiwa kwenye spika. Nitakuambia tu kwamba nilipouvisha ule mkanda sikujua. Kwa baiskeli na magongo haudhuru. Hayo ya baadaye ni mengine.

Fundi wa Nakuru! Nakuru ina watu wangapi? Yule sevea wako ameuliza Njoro, akauliza Rongai, akaelekezwa kwa mtu wa kuchomelea vyuma ambaye alitaka kumwekea bomba la antena. Alinifikia jana jioni amekasirika. Mpini wake uko mezani kwangu. Anasema maofisini wapo wengine wenye mipini iliyovunjika. Sikumpa mkanda wowote, nimeandika jina kwa rangi ya kucha.

Nilimsomea Mama barua yako yote, hata mahali pa bega. Aliniambia nirudie hapo. Nikarudia. Halafu akaacha chai ikapoa, akaniuliza, "Hiyo kona ina jua asubuhi?" Nikamwambia sijui, sijawahi kufika, hujawahi kunialika hapo, ni viazi tu unanialika kubeba. Akasema, "Basi Agosti," akaingia ndani. Nilimsikia akivuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Agosti, Vale, na hii ni Juni. Amepanga nguo zote. Sasa kila asubuhi anafungua sanduku atoe ile ya kuvaa, na jioni anairudisha na kufunga. Anaimba akifunga. Huku kwangu ameishi miaka yote hii na sikuwahi kumsikia akiimbia kabati.

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilimletea kufuli ya sanduku, kwa sababu ile yake ilikuwa imeoza.

Hata kabla ya Agosti dukani kumeshaanza kuwa kubaya. Juzi mteja aliuliza, "Leo mathe yuko wapi anitajie bei?" Nikamtajia mimi, akaona ni ghali.

Sasa sikiliza, na umsomee Kiprugut sehemu hii. Nyumba ya Mama asiijenge chumba kimoja. Ajenge vyumba viwili. Mimi si mkwe wa mtu hapo, naweza kulala kwenye nyumba kubwa, na najua utaniambia nilale huko, utanitandikia hata zile shuka za wageni. Sitaki. Cha pili ni changu. Kitanda nitakuja nacho. Ukuta wa katikati uwe wa mbao nyembamba, usiwe wa mawe, ili mkikaa na Mama upande ule mkianza kucheka, nisikie ni nini.

Dadako,
Nasimiyu